Mzaliwa wa Kwanza Hayumo Kwenye Karatasi

Mwezi wa tatu wa mwaka 1993, Adolphine alikuwa ametimiza miaka tisa katika ofisi ya wafanyakazi ya kampuni moja ya shaba mjini Kolwezi, na kazi yake siku hizo ilikuwa kuorodhesha majirani zake. Watu wenye asili ya mkoa jirani wa Kasai walikuwa wanafukuzwa Katanga, warudi kwao kwa treni. Kila familia ilipewa karatasi yenye majina ya baba, mama na watoto, na asiyekuwa na jina hapo hakupanda treni. Adolphine mwenyewe alikuwa mtu wa Manono, kaskazini mwa Katanga; hakuna aliyemfukuza. Aliingiza majina kwenye kompyuta, mashine ikachapa. Alijiambia kwamba kama orodha ni lazima iandikwe, heri iandikwe na mtu anayejua kuandika.

Jumanne moja akaingia Mama Kabedi, jirani yake wa ukuta kwa ukuta kule mtaa wa Dilala, ameshika karatasi aliyopewa jana yake.

"Mama Adolphine, Blandine eko wapi?"

"Si nilimuona asubui ku robinet, anateka mayi?"

"Mu karatasi. Eko wapi mu karatasi?"

Adolphine akahesabu. Watoto wanane. Mama Kabedi alikuwa na tisa, na Blandine, binti wa miaka kumi na tisa, ndiye wa kwanza. Adolphine akachukua kalamu ya bic, akaongeza jina, akapiga muhuri. Baada ya saa mbili Mama Kabedi alirudi. Wasimamizi wa kituo cha treni walikuwa wamemwambia kwamba jina la mkono ni jina la magendo, na kwamba mashine haisahau mtu.

"Kama banatufukuza, batufukuze bote," alisema Mama Kabedi. Hakulia. Alisema kama mtu aliyepunjwa kipimo cha unga sokoni.

Adolphine akafungua mafaili ya familia kubwa, moja baada ya jingine. Kote ilikuwa vile vile: ukimwingiza mtoto wa tisa, wa kwanza anafutika, ukimwingiza wa kumi, wa pili anamfuata. Mashine haikulalamika. Iliandika tu chini, kwa herufi safi, *famille complète*, yaani familia imetimia. Alikuta familia thelathini na moja za namna hiyo. Kumi na moja zilikuwa zimekwisha kuondoka.

Akaenda chumba cha foni, ile redio ambayo ofisi zote za mkoa zilizungumza kwayo tangu simu zilipokufa. Akamwita Barnabé, aliyekuwa Lubumbashi, mwakilishi wa watu waliowauzia programu ile ya kompyuta ya kuandikia orodha. Kwenye foni, aliyemaliza kusema hutamka "à vous" ili mwenzake aanze.

"Ah, ile," akasema Barnabé. "Tunaijua tangu mwaka wa tisini na moja. À vous."

"Njo juu ya nini hamukutuambia? À vous."

"Client mwenye aliuliza, tulimuambia. À vous."

"Mutu atauliza namna gani kitu yenye hajue? À vous."

"Patron alisema tutatisha ba-clients bure. Kisha pillage ikakuya, baaskari bakanyanganya mu mji yote, poste ikakufa. À vous."

"Lakini foni inatumika, baba. Si tuko tunasemea mu foni? À vous."

Barnabé akampa dawa: familia kubwa ikatwe vipande viwili, kila kimoja na karatasi yake. Adolphine akauliza nani wengine wanayo programu ile. Barnabé akasema hiyo ni siri ya biashara.

"Basi nitabaambia bote."

Ilikuwa saa nne, saa ambayo kila kituo cha foni husikiliza. Akataja polepole, mara mbili, jina la programu, ugonjwa wake na dawa yake. Karani mmoja wa Kisenge akaitika: kwao pia watoto wakubwa walikuwa wanapungua kwenye orodha, wakadhani wameoa au wameolewa.

Kwa siku mbili alichapa upya karatasi zote bila kuomba ruhusa ya mtu, hadi boksi la mwisho la karatasi ghalani likaisha. Kisha akaenda kituoni na majina ya zile familia kumi na moja. Wazaliwa wa kwanza saba aliwakuta nyuma ya banda la mizigo, wamekalia mabunda yao. Walikuwa wameambiwa mashine imewakataa. Hakuna aliyeuliza sababu. Watu walikuwa wamekwisha kuwakataa, ya mashine haikuwashangaza. Wanne hakuwapata.

Ijumaa treni ikaondoka na hao saba, na Mama Kabedi na watu wake wote. Kabla ya kupanda, Mama Kabedi alihesabu watoto kwa kidole, halafu akaushika mkono wa Adolphine. Adolphine alitaka kuomba msamaha, lakini hakujua aanzie wapi, kwenye programu au kabla yake.

Alipofika nyumbani, watu wengine walikuwa tayari wamehamia kwa Mama Kabedi. Wakamwuliza maji yanafungwa wapi. Akawaonyesha.

Wiki iliyofuata mkuu wake, Bwana Kalenga, alimtaka ajieleze kwa maandishi: maboksi mawili ya karatasi, na foni kutumika bila idhini. Akajieleza kwa mistari mitatu, akapewa onyo.

Mwezi wa nane ndipo waraka wa wauzaji wa programu ulipofika, umebebwa na dereva wa lori. Ulisema baadhi ya wateja huenda wakaona tofauti ndogo katika idadi ya watoto. Adolphine aliusoma akiwa amesimama. Akaenda kwenye foni, akamwita Barnabé, akamsomea majina ya wale wanne.

"Hao ni ba-clients? À vous."

"Hapana. Ni batoto benye mulifuta. Uandike."

Akayarudia, herufi kwa herufi. Kabla Barnabé hajajibu, sauti nyingine ikaingia, ya mtu wa kituo cha Mutshatsha.

"Mama, ile jina ya tatu, rudilia. Kuko muntu-muke moja anauzishaka makala ya kupikia hapa pembeni ya reli, anajiita vile. Anasema alikosa treni."

Adolphine akaketi. Akamwomba asimwache binti yule aondoke, amwambie kuna karatasi yake Kolwezi. Kisha akasoma tena yale majina matatu yaliyobaki.