Niliyemfinya ni mimi, aliyefukuzwa ni wifi yangu

Asalaam alaykum. Admin, jina langu lisitoke kabisa, maana mume wangu naye anausoma ukurasa huu. Mimi ni mama wa miaka thelathini na mmoja, naishi Mlandege na mume wangu na binti yetu wa miaka sita. Hapa nitamwita Ilham, ingawa silo jina lake.

Ilham alijua kusoma kabla hajaanza skuli, ila salamu zilimshinda. Mtu mzima akiingia, yeye huangalia feni. Nanyi mnajua kwetu Unguja mtoto asiyeamkia anavyosemwa, na anayesemwa hasa ni mama yake. "Huyu mtoto hana adabu, kalelewa na nani?" Nimesikia hayo arusini, msibani, hata dukani. Basi nikazua ufundi wangu. Tukikutana na mtu, mkono wangu unapita chini ya buibui, namfinya mkono kwa ndani, karibu na kwapa, mpaka "shikamoo" itoke. Watu wakaanza kunisifu kwa malezi. Nami nikavimba kichwa, astaghfirullah.

Mwalimu wake wa skuli ndiye aliyetushauri twende kwa daktari. Daktari alimwangalia mara kadhaa, mwisho akatwambia Ilham ana Asperger, hali iliyo katika kundi la usonji. Akili yake ni nzima, alisema, lakini kumtazama mtu machoni kunamchosha, na yale ambayo watoto wengine wanayadaka wenyewe, yeye lazima aelezwe polepole. Kisha akaupandisha mkono wa gauni lake, akaziona alama. "Nani anamfinya mtoto huyu?"

Nikaushusha mkono wa gauni. Mume wangu akanigeukia. "Si dada huyo? Si ndiye anayeshinda naye?" Dada yake, yaani wifi yangu, alikuja kutoka Uroa kutusaidia, na ndiye aliyekuwa akimpeleka Ilham chuoni kusoma Kurani kila alasiri. Nami nikajibu neno moja tu: "Huenda."

Siku ile ile mume wangu akamfukuza. "Aliyemfinya mwanangu halali nyumba moja na mie, awe nani awe nani!" Wifi alilia, "Kaka, wallahi sijamgusa mwanao." Akanitazama, nami nikajifanya natafuta mtandio. Alipofika mlangoni na mkoba wake, akanigeukia kwa upole: "Wifi, ukitaka kummwagia maji ya kichwa mwambie kwanza, asishtuke." Maneno hayo yananila mpaka leo. Bora angenitukana.

Sijamfinya tena mwanangu. Lakini sasa anajifinya mwenyewe. Mgeni akipiga hodi, mkono unakwenda kwapani, anakunja uso, ndipo anapoamkia. Kwake yeye salamu ndivyo ilivyo, na aliyemfundisha ni mimi.

Juzi alasiri nilimkuta kasimama mlangoni, kavaa viatu na mtandio wake wa chuoni, na nje hapakuwa na mtu. Anajifinya, "Shikamoo, shangazi." Anajifinya tena, "Shikamoo, shangazi." Nikamshika mikono, nikamuuliza anafanya nini.

"Nnajifunza," akanambia. "Shangazi kaondoka kwa sababu sikumwamkia vizuri. Nkishajua atarudi."

Nilikaa pale pale kizingitini nikalia, yeye akaendelea kuangalia njia. Baba yake hajawahi kumuuliza nani alikuwa akimfinya. Siku akimuuliza atamwambia, maana mtoto huyu uongo haujui. Nikisema mimi mwenyewe, naogopa talaka, na zaidi naogopa kunyang'anywa mwanangu kipindi hiki ndiyo kwanza naanza kumjua. Nikinyamaza, wifi yangu anabaki na jina baya kwao Uroa, na mwanangu anazidi kujiumiza akimngoja mtu niliyemfukuza mimi kwa neno moja.

Nitukaneni mkitaka, nimestahili. Lakini nishaurini pia, nifanye nini? Na msikawie jamani, alasiri inakaribia na Ilham keshavaa viatu.