Mfamasia Aliyetoka Nyuma ya Kaunta

Mfamasia wa duka letu la dawa hapa ughaibuni, Thornton Heath, ni mwanamke wa Kikongo mwenye kucha fupi. Kila pakiti huigonga mara mbili kwenye kaunta kabla ya kuitoa, kisha huuliza swali lile lile: “Mama, kuko dawa ingine unakunywaka?” Miezi yote nimemjibu hakuna. Aspirini ndogo ya moyo niliandikiwa na daktari. Vidonge vya goti alivyoniletea wifi yangu Gaudensia kutoka Moshi sikuvitaja, maana ukoo wetu hautangazi maradhi dukani. Jumanne nilipepesuka mbele yake, mkoba ukaanguka, pakiti ya Moshi ikachomoza. Aliiokota, akaigeuza, akaweka ukucha chini ya herufi ndogo. “Wewe umesoma, mama. Soma hapa.” Nikasoma: aspirini, nguvu yake mara nne ya ile ya moyo. Nikarudia kusoma, na bado sikuelewa. Jina lililoandikwa mbele ya pakiti lilikuwa jingine kabisa, na hii ilikuwa ya goti. Akatoka nyuma ya kaunta, akasimama kati yangu na foleni, ambamo alikuwamo Mama Aikaeli wa kanisani kwetu, akanong'ona, “Choo iko namna gani? Nyeusi?” Hata marehemu mume wangu hakuwahi kuniuliza hilo. Nikasema labda ni mchicha. “Mchicha ya siku ngapi, mama?” Hakutabasamu, wala hakuondoka. Nyuma yake Mama Aikaeli alikuwa akinyoosha shingo. “Siku nne,” nikamwambia. “Ile si mchicha, mama, ni damu; aspirini mbili zinatoboaka tumbo,” akanong'ona, kisha akaita gari la wagonjwa kwa sauti iliyosikika duka zima.