Sisi Watu wa Bomani

Kazi ya kutafuta mababu niliianza kwa upumbavu, na bora niuseme mwenyewe kabla dada yangu Rahma hajawasimulia kwa chumvi zake: nilitundika picha ya mtu nisiyemjua ukutani kwetu Temeke, nikasema ni babu.

Leo nimestaafu. Niko kidato cha tatu, mgongo hauniumi, lakini nimestaafu, na mstaafu ana haki ya kuwaeleza vijana wanaoingia kazini (nawasema nyie wa kidato cha pili) jinsi kazi ilivyofanywa enzi zetu.

Ajira yangu ilitoka kwa Mkurugenzi Mkuu, yaani mama. Rahma alikuwa amechumbiwa na Nassor, na kina Nassor ni watu wa duka kule Kinondoni, asili yao Uarabuni, watu wanaotaja mababu zao mpaka unasinzia. Baba yetu alishatangulia mbele ya haki, na ukoo ni wa baba. Sasa ami yake Nassor alileta habari kwamba Jumapili watakuja kupokea jibu la posa, na vilevile kufahamiana, wajue sie ni watoto wa nani. Rahma akaacha kula. Alikuwa anampenda yule braza mpaka inachosha.

"Wewe si ndiye unayeshinda kwenye simu?" mama akaniambia. "Itumie basi. Tafuta shina la baba yenu."

Shina, kwa msiojua, ni yule babu wa mbali kuliko wote unayeweza kumtaja mbele ya wageni bila kuona haya.

Siku ya kwanza kazini nilikuwa na taarifa moja tu. Bibi yetu wa Chanika, mama yake baba, akiulizwa asili hujibu, "Sisi watu wa bomani, huko bara, njia ya Ujiji." Basi. Na mie historia nimeisoma. Boma ni ngome: kuta nene, matundu ya bunduki, bendera juu. Wajerumani walizijenga njia nzima ya kwenda magharibi. Kwa hiyo babu alikaa ngomeni. Na kama alikaa ngomeni, nikawaza, kwa nini asiwe mkubwa wake? Nikaingia mtandaoni, nikampata mzee mmoja ana ndevu, kilemba, na jambia kiunoni. Chini yake kulikuwa na maandishi ya Kiarabu, nikayakata. Nikamchapisha stesheneri, nikamtia kwenye fremu.

Shangazi alipomwona alikaa chini mwenyewe. "Ya Rabi! Macho ya marehemu kaka yangu haya!" Akalia, akamsomea Fatiha. Mama akafuta kioo kwa ncha ya kanga. Wewe ungesema nini hapo? Mie nilisema, "Mkuu wa Boma huyo, shangazi," nikaongezwa chapati.

Kituo cha pili kilikuwa Chanika, kwa Mkuu wa Kanda, yaani bibi mwenyewe. Mama alinituma nikamwalike. Nikamkuta anapalilia mihogo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mume wangu. Umekuja kulima au kula?"

Nikatoa simu nimpige picha. Akaziba mdomo kwa kanga, kama kawaida yake. "Toa hicho kidude. Meno sina, nitatisha watoto wa watu." Ndiyo maana picha ya bibi hatuna hata moja. Hata kucheka hucheka kaziba mdomo.

Nikamwonyesha Mkuu wa Boma. Akamtazama, akaisogeza simu, akamtazama tena.

"Nani huyu?"

"Babu yetu wa bomani."

"Boma gani hilo la watu wenye majambia? Boma la miiba, mume wangu!"

Hapo ndipo nilipojua kwamba neno lenyewe la kazi nilikuwa nimelikosea. Wapagazi, wale waliobeba mizigo ya misafara kutoka pwani hadi bara kwa vichwa na mabega yao, kila jua likielekea kuzama walikata miti ya miiba wakaizungushia kambi, simba na fisi wasipite. Uzio ule ndio boma. Asubuhi wanauacha, wakilala mbele wanakata mwingine. Ndani ya boma moja, kabla msafara haujafika Unyanyembe, njia ile ile ya Ujiji, mke wa mpagazi akajifungua mtoto wa kike. Wakamwita Miiba. Huyo ndiye bibi yake babu yetu.

"Nilipoolewa nilimkuta hai," bibi akasema. "Macho hayaoni, mdomo wembe."

"Kwa hiyo baba yake alikuwa mbeba mizigo?"

"Na mama yake akabeba mtoto na mzigo. Rudia tena 'mbeba mizigo' kwa sauti hiyo, nikuchape na jembe."

Nikakumbuka Jumapili. Nikasema, "Bibi, hayo ya miiba mbele ya wageni usiyaseme. Kwa ajili ya Rahma."

Hakukasirika. Angekasirika ningepona. Alisema tu, "Haya," akainamia mihogo yake. Mpaka naondoka hakuniita tena mume wangu.

Jumapili wakaja. Bibi alikaa pembeni kwenye mkeka, kimya, kanga mdomoni. Ami yake Nassor, ambaye mie nilishampa cheo cha Mkaguzi, akavaa miwani, akasimama mbele ya fremu.

"Huyu nani?"

"Babu yetu," shangazi akajibu, kifua mbele. "Mkuu wa Boma."

"Ajabu. Mbona mie ninaye dukani?"

Akaigonga fremu kwa kidole.

"Yuko kwenye kasha la tende. Kila Ramadhani namuuza huyu."

Nyuma ya pazia nilisikia bangili za Rahma zikigongana. Mama akanigeukia. Nilikuwa na uongo mwingine tayari, mzuri tu: kwamba watu wa tende ndio waliomwiba babu yetu. Lakini nikamwona bibi. Jambo lile lilikuwa la kuchekesha kuliko yote aliyoyaona mwaka ule, na hakucheka, kwa sababu mie nilimfunga mdomo.

Basi nikasema yote, na nikayasema vibaya. "Wakafika porini, wanawake wakakata miiba..."

"Si hivyo!" bibi akadakia. "Wanaume wanakata, wanawake wanaburuta. Ungekata wewe, na hivyo vidole vya simu, simba wangeula msafara mzima, mume wangu."

Akaendelea yeye, mpaka Miiba akazaliwa pale katikati ya sebule yetu. Ami akavua miwani.

"Bi mkubwa, nimeingia nyumba nyingi pwani hii. Kila nyumba babu alikuwa na jambia. Nikawa najiuliza, mizigo ile ilikwenda yenyewe?" Akamgeukia shangazi. "Haya, huyu mjukuu wa Miiba, mnatupa?"

"Ndiyo!" akajibu Rahma nyuma ya pazia, na hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Bibi akacheka mpaka kanga ikamdondoka.

Hivyo ndivyo nilivyostaafu, bila kiinua mgongo. Nyie mnaoanza kazi, nawausia jambo moja: ukiambiwa neno na bibi, muulize maana yake kwanza, picha baadaye.

Wageni walipoondoka nilijua sasa ni kofi. Mama alisimama akiitazama fremu, akamtazama bibi, ambaye bado alikuwa anacheka peke yake mkekani. Akasema hivi:

"Mtoe huyo muuza tende, fremu uiache. Mpige bibi yako picha sasa hivi, kabla hajaziba mdomo."