Walioniazima Ruring'u

Niliporudi kutoka Uarabuni, binamu zangu wa Kangema walisema sitamaliza msimu mmoja wa baridi Nyeri kabla sijawapigia magoti. Hawakunijua. Diploma yangu ya umeme nilijisomesha mwenyewe, nikafunga nyaya katika maghorofa ambayo wao wameyaona kwenye simu tu.

Hata hivyo, kufikia Julai sikuwa na makao. Kazi ilikuwa haba, na mwenye nyumba alitia kufuli lake juu ya langu. Kila asubuhi nilinawa kwenye bomba la soko, nikatembea kama mtu aliyetoka kwake. Asiye na makao akijua kuvaa, hakuna anayemwona.

Kisha akina mama wa mtaa wa Ruring'u wanaokodisha mahema na viti vya harusi na mazishi wakanipa ufunguo wa stoo yao niweke taa. Kwa fundi kama mimi, hiyo ni kazi ya asubuhi moja. Niliivuta wiki nzima, nikilala katikati ya mahema.

Alfajiri moja mlango ukafunguliwa. Kulikuwa na mazishi Giakanja, wamekuja kupakia viti.

"Fundi, unafanya nini saa hizi?" mwenyekiti wao aliuliza.

"Nakagua waya, Mama."

"Ati unakagua ukiwa umevua viatu?"

Wenzake waliangua kicheko. Yeye alilishika hema nililojifunika. Lilikuwa bado na joto.

"Na ukanyamaza, sisi tukiwa hapa? Vaa viatu, ubebe viti. Tutaongea jioni."

Siku nzima nilipanga viti nikingoja hukumu. Wakiniita mwizi, nani Nyeri atanifungulia mlango tena? Kila waliponong'ona penye sufuria, nilisogeza viti karibu nisikie.

Jioni mmoja alileta blanketi, mwingine jiko. Wa tatu alinionyesha chumba nyuma ya kioski chake. Mwenyekiti akasema atanidhamini kwa wenye nyumba wanaotaka umeme.

"Hatukupi," alisema. "Tunakuazima."

Nami si mtu wa kukalia cha watu. Kabla ya Krismasi nilikuwa nimepanga nyumba yangu, kwa jasho langu. Siku niliyohamia nilizunguka Ruring'u nikirudisha: blanketi limefuliwa, jiko limejaa makaa, maana kwetu chombo hakirudi kitupu. Kioski nilikiwekea taa mbili. Mwenyekiti, aliyeniazima jina lake tu, nilimfungia umeme kuanzia jikoni hadi zizini. Alibonyeza swichi, ng'ombe akaruka kwa mshtuko.

"Haya," akasema, "sasa tumelipana."