Dola Nyeusi ya Mlingotini

Miaka sita sasa nakusanya dola za fedha za Marekani, zile za zamani walizokuja nazo huku wafanyabiashara wa nguo za merikani. Kaka zangu hapa Bagamoyo wananicheka: wao wanahangaika na maduka, mie nahangaika na vyuma. Wacheke! Shida yangu ilikuwa moja tu. Bibi zetu wa pwani hawakuiacha sarafu ikae salama. Ama waliitoboa wakaitia kwenye mkufu, ama waliisugua kwa majivu na ndimu mpaka sura yote ikafutika. Nilikuwa nazo tisa, hakuna hata moja iliyopona. Nilikuwa natamani moja nzima. Moja tu, jamani!

Msinione mjuzi, kosa hilo nami nimelifanya. Dola yangu ya kwanza niliisugua kutwa nzima, ikatakata, nikaipeleka kwa mtaalamu mmoja Dar. Akaigeuza, akanirudishia kwa ncha za vidole. "Mama, umeiua hii, ule weusi wa ukale ndio thamani yake," akasema. Nililia njia nzima.

Basi mwaka jana nikaalikwa Mlingotini, kwa bibi mmoja aliyekuwa shoga wa marehemu mama yangu. Anamwoza mjukuu wake. Nikakuta wanawake wamekaa uani wanasugua fedha za bibi harusi, mikufu na vikuku, beseni limejaa. Bibi mwenyewe kashika sarafu nyeusi tii, mkono wa pili umejaa majivu. Nikachungulia. Ina sura ya mwanamke aliyeketi, ngao ubavuni. Dola ya Marekani, na haina tundu!

"Bibi, usisugue!" Nilipiga ukelele, shikamoo nikaisahau kabisa.

Bibi akanitazama juu mpaka chini. "Marahaba," akasema, na uani pote wakaangua kicheko.

Nikaketi kwa aibu, nikamwamkia vizuri, nikamwomba aniuzie. Akakataa katakata: fedha ya bibi harusi haiuzwi, ni mkosi. Kubadilishana fedha kwa fedha, hilo sawa, lakini yeye anataka inayong'aa. Mjukuu wake hatatoka mbele za watu na kitu cheusi kama kaa la jikoni.

Nikavua bangili zangu mbili za fedha, za harusi yangu mwenyewe. Lakini kumdhulumu shoga wa mama yangu, hapana, nikamwambia ukweli. "Bibi, hii yako ina thamani kuliko hizi zangu zote mbili. Ukimpelekea mtaalamu Dar..."

"Huyo mtaalamu ndiye anayeolewa Ijumaa?" akanikatiza. "Lete hapa!"

Akamwita mjukuu, akamvisha. Zikamkaa barabara, zikameremeta, wanawake wakapiga vigelegele. Mie nimefumbata dola yangu, nzito, chafu, nzima. Nikapiga vigelegele kuwashinda wote, mpaka sauti ikanikauka, nao wakadhani namshangilia bibi harusi.