Santuri Yenye Mkwaruzo

Mume wangu ni fundi bomba. Wiki nzima ananuka mifereji, lakini Jumapili ananawa mikono kama daktari wa upasuaji ndipo aguse santuri zake za roki. Si roki ya redioni. Ni ile ya vijana wanaolia kana kwamba mlango umewabana vidole. Kelele tupu, nimesema mpaka nimechoka.

Anayoipenda kuliko zote ina mkwaruzo. Ni kazi ya mdogo wake, aliyerukaruka sebuleni akalipiga kumbo kabati, sindano ya gramafoni ikateleza. Walishikana mashati siku hiyo. Mwaka huohuo mdogo mtu akafukiwa na udongo mtaroni, wakilaza mabomba pamoja. Mpaka leo wimbo ukifika kwenye mkwaruzo unakwama, unarudia neno lilelile, naye anainuka, anaisukuma sindano kwa kidole, anakaa.

Jumapili iliyopita mkwe wetu, mtu mwema mwenye haraka ya kusaidia, akaleta santuri ileile, mpya.

"Baba, hii haina hata doa."

Mume wangu akashukuru, akaiweka. Nikamwona anainuka mapema, kidole kimetangulia. Wimbo ukafika pale, ukapita. Akabaki amesimama, kidole hewani, huku wimbo ukiendelea vizuri tu.

"Zima," akasema.

Nikazima mimi, adui wa kelele zile, nikaenda kabatini kumletea ile mbovu. Jalada lilikuwa tupu.

"Nimeshakusaidia, Mama," mkwe akasema. "Ilibidi niivunje ndipo ikaenea kwenye pipa la taka."