Wananchi Wote Waliafiki

Siku ile naikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka damu hunichemka. Nilikuwa msichana aliyemaliza kidato cha nne, mwandiko wangu mzuri, basi wakanichagua katibu wa mikutano ya mtaa. Mtaa wetu uko nje kidogo ya mji wa Tanga, kando ya reli iendayo Muheza. Wakati ule ulikuwa minazi na nyumba za kuhesabu.

Wakaja watu wa kampuni ya ujenzi na ramani yao. Mwenyekiti akatukusanya uwanja wa shule, tukaambiwa patapimwa viwanja, zitajengwa nyumba za kisasa. Watu wakapiga makofi. Ndipo akasimama Bi Mwanahawa, mkunga aliyewazalisha nusu ya wazazi waliokuwa pale.

"Nyumba jengeni," akasema. "Lakini nimeuliza, nimeambiwa njia ya makaburini haimo kwenye ramani yenu. Mkiifunga, maiti zetu tuzipitishe wapi?"

Mwenyekiti akacheka. "Bibi, kaa. Haya ni mambo ya wasomi."

Na mimi, Mungu anisamehe, nilitabasamu.

Mkutano ulipokwisha, mwenyekiti akanisimamia kichwani. "Andika wananchi wote waliafiki. La yule bibi liache." Nikaandika. Wala sikuhongwa, mwanangu. Sikupewa hata soda. Niliogopa tu kuitwa mbishi. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Hawakutuambia habari ya kujikwaa kalamu.

Mwaka haukuisha, ukuta ukasimama, njia ikafa. Tukaenda ofisi ya ardhi kulalamika, Bi Mwanahawa mbele. Ofisa akafungua faili, akasoma: "Wananchi wote waliafiki."

"Nani kaandika hayo?" akauliza Bi Mwanahawa.

Nikainamisha kichwa. Hakunipigia kelele, na afadhali angenipigia.

"Mwanangu, mwenyekiti alinikalisha, lakini watu walinisikia. Wewe umeandika kuwa sikusema. Nilikupokea duniani kwa mikono hii, leo wanifanya kama sikuwepo."

Ukuta haukubomolewa. Mume wa Bi Mwanahawa alipofariki, wanaume walilizungusha jeneza barabara kuu, juani, malori yakiwapigia honi, na makaburi yenyewe yako hatua chache nyuma ya ukuta. Bi Mwanahawa alisimama mlangoni akitazama. Nilimwomba radhi, akanisamehe. Mimi sijajisamehe. Majuto ni mjukuu, na huyu wangu nimemlea hadi uzeeni.

Basi juzi wametuita tena. Safari hii ni treni ya kupeleka watu kazini asubuhi na kuwarudisha jioni, na nyumba za kupangisha kuzunguka kituo. Treni naitaka, nani asiyeitaka? Lakini mkutano haujafunguliwa, naona mezani muhtasari umeshapigwa chapa: wananchi wote wameafiki! Maneno yale yale! Mwenyekiti wa sasa akaniamkia shikamoo; sikumwitikia. Nikasimama.

"Hamjatuuliza neno. Tumeafiki saa ngapi?"

"Bibi, tulia kwanza."

"Situlii! Soma hiyo karatasi kwa sauti, kila mtu asikie."

Wauza machungwa wakasimama, kisha walimu, kisha uwanja mzima. Karatasi ikarudi mkobani, katibu akafungua daftari jeupe, na kila aliyesema, neno lake likaandikwa, hata vivuko vya reli na njia zote za miguu. Kama watayafuata, hilo tutalisimamia.

Mwanangu, ukishika kalamu ya watu, andika walichosema watu, hata kama ni mmoja mbele ya mia. Ukiitwa mkutanoni, nenda. Ukitakiwa saini ya mahudhurio, soma kwanza juu ya karatasi pameandikwa nini, na usiondoke muhtasari haujasomwa. Watakwambia mwenye nguvu mpishe. Mpishe barabarani; kwenye haki yako usimpishe. Tena usidhani uovu huletwa na wabaya peke yao. Mara nyingi huandikwa na watoto wazuri wanaoona haya kukataa.

Mola akupe ulimi usiotetemeka mbele ya wakubwa, akuepushe na haya isiyo na faida, na wanao wakutaje kwa heri. Amina.